Khalti Mongia na Watoto Saba wa Ramadhani

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, Bi Mongia Fourati anastaafu baada ya kuitumikia Jumuiya ya Rifki, kituo cha mbwa waliotupwa, hapa njia ya Gremda mjini Sfax, kwa miaka ishirini na tisa. Cheo chake kwenye karatasi ni Mkufunzi Mkuu wa Malezi ya Mbwa Wadogo. Hakuna anayekitumia. Wafanyakazi, wenye mbwa, muuza mkate na hata mkurugenzi humwita Khalti, kama mtu anavyomwita dada wa mama yake. Yeye naye hutuita sote kwa jina moja, "wewe", likifuatiwa na kazi ya kufanya.

Mwandishi wa maneno haya amekaa naye kwenye chumba cha mapokezi miaka kumi na tisa, na manyoya ya mbwa yanamfanya apige chafya hadi leo. Kwa hiyo sifa zitakazosomwa hapa zimetoka kwa mtu asiyependa sana mbwa. Zipokeeni kwa uzito wake.

Khalti alifika mara ya kwanza mwaka 1995 akiwa na hasira. Mtoto mmoja wa mbwa alikuwa amehamia kwenye ngazi za jengo lao, akatafuna viatu vya wapangaji wote, na Khalti alikuja kushtaki. Mlangoni akamkuta mfanyakazi wa wakati huo anamchapa mbwa mdogo kwa gazeti lililokunjwa, kosa lake kukojoa sakafuni. Akamwuliza amekojoa lini. Akaambiwa asubuhi. Ilikuwa imeshapita adhuhuri.

"Basi yeye anajua anachapwa kwa sababu wewe umeingia mlangoni," Khalti akasema. "Kesho akikuona atakojoa kwa hofu, utamchapa tena, na nyote wawili mtakufa wajinga."

Akalichukua gazeti, akaketi, akalisoma. Wiki iliyofuata alikuwa ameajiriwa. Yule wa gazeti tulisikia alikwenda kufanya kazi ya forodha.

Jambo la kwanza alilodai lilikuwa sebule. Wakati ule mbwa wetu walifundishwa uwanjani, kwa kamba na filimbi, wakatoka wamenyooka kama askari, wakifika majumbani wanapanda juu ya meza. Khalti alisema bibi harusi hafundishwi kupika kwenye kituo cha basi. Akaleta kutoka kwao meza fupi, magodoro mawili, msala wa kuswalia, sinia ya bilauri za chai, na rundo la viatu vya marehemu mume wake, akavipanga mlangoni kama wageni wameingia. Hilo ndilo darasa. Limebaki hivyo hadi leo, isipokuwa viatu, ambavyo vimekwisha.

Kuna watu wanaotuuliza mbwa anafanya nini karibu na msala. Sisi watu wa hapa Imamu Malik, Mungu amrehemu, alitupunguzia mzigo, kwetu mbwa si najisi. Lakini kiatu kilichotafunwa ni hasara kwa madhehebu yote manne, na Khalti alianzia hapo. Mbwa akichukua kiatu, usimfukuze, maana ukimfukuza umemwalika kucheza. Mpe kitu kingine, aachie mwenyewe, msifu. Akikurukia, mpe mgongo, tazama dari mpaka miguu yake minne irudi chini. Akikung'ata kwa mchezo, mchezo umekwisha, ondoka. Akiamka usingizini, akimaliza kula, akimaliza kucheza, mtoe nje, kisha msubiri, kisha mshangilie kama amefaulu mtihani wa taifa. Wakili mmoja aliyeharibikiwa zulia la Kairouan alikuja hapa akitaka mbwa aadhibiwe. Khalti alimwambia zulia halina kosa, mbwa hana kosa, ila kuna mtu mzima mle ndani alikuwa anatazama mpira.

Somo la kutazama dari halikuwahusu mbwa peke yao. Mtu yeyote aliyempandishia Khalti sauti alipewa mgongo, naye Khalti akatazama dari kwa utulivu mpaka sauti ishuke. Mkurugenzi wetu, Si Lamjed, yaani Bwana Lamjed kwa usemi wa hapa, alifundishwa namna hiyo kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Leo anabisha hodi, anasalimia, anasubiri aambiwe aingie. Tunamshukuru Khalti kwa hilo kuliko anavyojua.

Asidhani mtu kwamba tunamuaga mtu mpole. Khalti Mongia anajisifu. Anajisifu asubuhi kabla ya kahawa na jioni baada ya chai, na sifa yake kubwa ni moja tu: kwamba katika miaka yake yote hapa, hakuna mbwa aliyempeleka kwenye nyumba ya watu akarudishwa. Wengine hurudishiwa mbwa wao, vituo vyote duniani hurudishiwa mbwa. Yeye hapana. Aliyasema haya kwenye redio ya mji, aliyasema kwenye harusi ya mpwa wake, na aliniambia mimi kila nilipofungua droo. Mwaka huu, mwaka wake wa mwisho, sifa hiyo nusura imfie mikononi, na ni haki isimuliwe, kwa sababu ndipo tulipomjua vizuri.

Mwezi wa Januari tuliletewa watoto saba wa mbwa waliookotwa chini ya milozi, mama yao hajulikani alipo. Khalti aliwapa majina ya vyakula, kama kawaida yake. Kulikuwa na Brik, Bsisa, Harisa, na wa mwisho kabisa, mweusi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, aliitwa Mloukhia. Ramadhani ilipoingia mwezi Machi, wote saba walikuwa wamepata nyumba mtaani hapa hapa, kila moja umbali wa kutembea. Khalti alipenda hivyo. Alisema mbwa mdogo ni kama mkwe mpya, lazima umtembelee bila taarifa.

Sasa, somo gumu kuliko yote kwa mbwa mdogo ni kusubiri mezani. Chakula kipo, harufu ipo, kila mtu anakula, na yeye atulie mkekani kwake. Unawezaje kumfundisha hayo wakati watu wenyewe hawatulii? Khalti akaona Ramadhani imemletea darasa la bure. Wapi tena utapata familia nzima imekaa mbele ya shurba inayofuka moshi, mkono hauendi, mdomo haufunguki, wote wanamsubiri mwadhini? Akaziagiza nyumba saba zifanye hivi: meza ikiandaliwa, mtoto wa mbwa akae mkekani. Wakati wa kufuturu ukifika, kila mtu achukue tende yake, na mtoto wa mbwa apewe kipande chake cha nyama pale pale mkekani. Milo yake ya mchana aliipata kama kawaida, asije mtu akasema tulifungisha mbwa.

Samaki mkunje angali mbichi, na hawa walikunjika kwa raha. Kufika kumi la pili watoto saba walikuwa wanakaa mbele ya meza zilizojaa kama wazee wa baraza, hawasogei, hawalambi, macho yakienda kwenye nyama na kurudi. Watu walialikana kwenda kutazama. Khalti alipita nyumba hadi nyumba akigawa maneno.

"Wanangu wana subira kuliko waume zenu," aliwaambia wanawake wa mtaa. "Mume wako nilimwona ana zeituni mdomoni, na jua lilikuwa bado liko juu."

Asubuhi ya Idi, Sfax nzima ikinuka samaki wa chumvi na sharmula, mchuzi wa vitunguu na zabibu kavu, tulikuwa na wasiwasi. Samaki yule huwatoa paka wa mitaa mitatu. Watoto saba hawakugusa hata mkia. Simu zilimiminika mapokezi, nikapokea pongezi mpaka sikio likaniuma, na Khalti akakaa kwenye kiti changu na kuagiza chai yenye lozi kama malkia.

Jioni ya siku ile ile, jua likazama, ukawadia wakati wa magharibi, na kutoka kwenye nyumba saba mbwa saba wakaanza kulia. Haikuwa kubweka. Walivuta sauti ndefu, mmoja akianza, wa pili akimjibu juu ya mapaa, mpaka adhana yote ikazama ndani yake. Kesho yake wakalia tena. Na keshokutwa.

Kosa lilikuwa wazi, na lilikuwa la Khalti. Kwa mwezi mzima watoto wale walifunzwa kwamba wito wa magharibi unaleta watu mezani na nyama mkekani. Sasa wito ulikuja, watu wakaendelea na shughuli zao, meza haikuonekana, nyama haikuonekana. Walikuwa wanadai haki yao. Hakuna mkufunzi wa nchi nyingine ambaye angeweza kulifanya kosa hilo, hata angetaka.

Mtaa haukulichukulia kwa wepesi. Msikiti uko mita chache kutoka kwetu, na watu walianza kusema mbwa wa Rifki wanamdhihaki mwadhini. Kamati ya mtaa ikatoa muda: mbwa wanaolia wakati wa adhana wawe wametoka kabla ya mwezi Mei kwisha. Zile familia saba zilikuwa watu wema, lakini nani anataka kunyooshewa kidole akienda kuswali? Wakaanza kuja, mmoja mmoja, macho chini, kamba mkononi. Brik akarudi. Harisa akarudi. Mloukhia akarudi. Bsisa akarudi na kitanda chake na wanasesere wake, na binti wa nyumba ile akilia nyuma. Mpaka watoto watano kati ya saba wakawa wako tena kwenye chumba chetu cha nyuma, ambacho hakina nafasi, kwa sababu msimu huu tulikuwa tayari tumejaa. Wasipopata kwao kabla ya mwisho wa Mei, wangerudi barabarani, na barabarani mbwa mweusi mwenye kelele haishi muda mrefu.

Hapo Khalti akanyamaza. Tuliomjua tuliogopa. Alikuwa akija saa moja asubuhi, anakaa sakafuni katikati ya watano wale, wakimpanda mapajani, na hajisifu hata kidogo. Nilimletea kahawa ikapoa. Shida ilikuwa hii: ili mbwa asahau jambo, lazima alisikie mara nyingi bila kupata chochote, tena na tena, pole pole. Lakini magharibi ni moja kwa siku. Kijana mmoja wa ofisini akapendekeza tucheze adhana ya kwenye simu mara hamsini kwa siku mbele ya mbwa. Khalti alimpa mgongo na kutazama dari kwa muda mrefu sana.

"Adhana si filimbi," alisema mwishowe. "Nimekosa mara moja, sitakosa mara ya pili kwa kulitaja jina la Mungu mbele ya bakuli la mbwa. Afadhali nistaafu kwa aibu."

Jumatatu moja ya katikati ya Aprili, mlango ukafunguka bila hodi, akaingia Si Taoufik mwenyewe, mwadhini, mwalimu mstaafu wa hesabu, kanzu yake ya jebba imepigwa pasi, kofia nyekundu imenyooka kichwani. Watu walikuwa wamemsemea wiki nzima, sasa alikuja kujisemea. Sauti yake ilikuwa ya huzuni zaidi kuliko hasira.

"Bi Mongia, nimeadhini miaka thelathini," alisema. "Nimeadhini nina homa. Nimeadhini siku niliyomzika mama yangu. Leo nazomewa na mbwa. Kama sauti yangu imeharibika, niambieni, niwaachie vijana."

"Si Taoufik, wallahi sauti yako haina kasoro. Mkosa ni mimi, si..."

"Sauti yangu wanaijuaje? Hata neno la kwanza sijalitoa! Nagusa kipaza sauti, nakohoa, tayari wananizomea!"

Khalti alisimama. Mtoto wa mbwa aliyekuwa mapajani mwake akaanguka chini na kwenda zake.

"Umesema nini?"

"Wananizomea."

"Kabla ya hapo."

"Nakohoa."

"Kohoa."

"Nini?"

"Kohoa hapa, Si Taoufik, nakuomba kwa wazazi wako, kohoa!"

Mzee wa watu, kwa mshangao tu, akakohoa. Kile kikohozi chake tunachokijua sote, viwili vifupi na kimoja cha kuvuta, ambacho Ramadhani nzima kila mtu akikisikia hunyanyua tende na kuiweka tayari mbele ya mdomo. Kutoka chumba cha nyuma mbwa watano wakavuta sauti kwa pamoja.

 Kisha Khalti akacheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka, na Si Taoufik akiwa bado amekunja uso midomo ikaanza kumcheza. Watoto wale hawakuwa na habari na adhana. Adhana ilipoanza wao tayari walikuwa wanaidai nyama yao. Walichojifunza ni kikohozi. Na kikohozi, tofauti na adhana, mtu anaweza kukohoa mchana kutwa bila dhambi.

"Unataka mimi," alisema Si Taoufik alipoelezwa, "mtu mzima, mwalimu wa nusu ya mji huu, nije nikae na kukohoa mbele ya mbwa?"

"Kila siku baada ya adhuhuri. Chai yenye lozi ni juu yangu."

"Nyingi?"

"Lozi?"

"Lozi."

"Utatafuna zaidi ya kunywa."

Ndivyo ilivyoanza kazi iliyotuchekesha kuliko zote katika historia ya kituo hiki. Si Taoufik aliketi kwanza ua wa mbele, milango yote imefungwa, akakohoa taratibu. Ndani, Khalti alikaa na vipande vya maini ya kuku. Mtoto aliyeinua kichwa lakini akabaki amelala mkekani alipata ini kabla hajafikiria kufungua mdomo. Aliyelia hakugombezwa, hakuangaliwa, alikosa tu. Siku zilivyokwenda, mwadhini alisogezwa mlangoni, kisha sebuleni, kisha kwenye godoro, mbwa wakiwa miguuni pake. Tukaazima kipaza sauti kibovu kwa mwimbaji wa harusi ili akigonge kwa kidole kama anavyogonga cha msikitini. Khalti alimsahihisha bila haya.

"Hicho kikohozi ni cha mtu mwenye mafua, Si Taoufik. Watoto hawakijui. Tupe cha magharibi."

Halafu familia zikaitwa. Kila nyumba iliyorudisha mbwa ilitakiwa ije ijifunze, na kila nyumba ilichagua mkohozi wake. Mtaa mzima ukawa unakohoa. Mwenye duka la dawa alijitolea kuleta shurubati ya kifua, akafukuzwa. Hata wale wawili ambao mbwa wao hawakurudishwa walikuja, wakisema na wao wanataka kuwa na haki ya kukohoa bila kuzomewa. Binti wa nyumba ya Bsisa alikohoa vizuri kuliko wote, na Si Taoufik akamwambia mbele ya watu kwamba msikiti umekosa mwadhini.

Jioni ya mtihani ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Hakuna aliyetangaza, lakini watu walijaa barabarani, wanakamati mbele, mikono nyuma. Khalti alitoka na watano wake, akawalaza kwenye mikeka mbele ya lango letu, na wale wawili wengine wakaletwa. Mloukhia alikuwa mwisho wa mstari, masikio juu. Kipaza sauti cha msikitini kikagongwa. Mbwa saba wakainua vichwa. Si Taoufik akakohoa, viwili vifupi na kimoja cha kuvuta, na nadhani jioni ile alikivuta kwa makusudi. Mloukhia akafungua mdomo. Niliuona ulimi wake wote, nikashika mkono wa mtu nisiyemjua. Akapiga mwayo, akaufunga mdomo, akaweka kidevu juu ya miguu yake.

Adhana ikapaa peke yake, safi, hadi neno la mwisho. Mwenyekiti wa kamati alimtazama Khalti, akaweka mkono kifuani, akaingia kuswali. Wengine wakamfuata. Khalti alibaki ameegemea ukuta, shungi mdomoni, analia, na hakumpa mgongo mtu yeyote.

Familia nne zilirudi kuchukua mbwa wao usiku ule ule na kesho yake. Khalti hakuwakabidhi kirahisi. Aliwarudisha darasani siku tatu kama watu wapya, maana, alisema, mbwa amefaulu, sasa tuone kama ninyi mmefaulu. Lakini familia ya Mloukhia haikuja. Walikuwa wamechukua paka, na paka alikuwa ameweka masharti.

Kwa hiyo alibaki mmoja, na mwezi ulikuwa unakwisha. Tulimwambia Khalti amchukue yeye, anastaafu, ana nyumba tupu na ua wenye jua. Mimi mwenyewe nilimwambia, pamoja na chafya zangu. Alikataa kwa ukali. Alisema mpishi hajipi tuzo kwa kula chakula chake mwenyewe. Mbwa anayeishi kwa mwalimu wake hajapata kwao, bado yuko shule. Kama Mloukhia hatapata nyumba ya watu, basi awe amerudishwa, na yeye ataondoka akiwa na mmoja aliyerudishwa, na asitokee mtu wa kupamba maneno kwenye sherehe. Ndiyo maana hadi jana makala haya hayakuwa na mwisho, na Si Lamjed alikuwa akibisha hodi kila saa moja kuuliza kama yako tayari.

Jana alasiri alikuja Si Taoufik. Alikuwa amevaa jebba ya sikukuu, na dada yake, Lella Saloua, alimfuata akiwa amebeba kisanduku cha baklawa kilichofungwa utepe mweupe, vile watu wanavyokwenda kuposa. Hawakusema kilichowaleta. Waliketi sebuleni kwenye magodoro, wakauliza hali, wakauliza mvua, wakauliza zeituni za mwaka huu. Khalti akaitikia kila kitu kwa adabu, akijua lakini akijifanya hajui.

"Bi Mongia," mwishowe Si Taoufik akasema, "tumesikia kwenu kuna binti."

Khalti akajiweka sawa kwenye godoro. "Yupo. Mweusi. Ana sauti."

"Sauti si tatizo. Kwetu ni nyumba ya sauti."

"Hajui kupika."

"Mimi napika," akasema Lella Saloua. "Na huyu kaka yangu, tangu Aprili, akirudi nyumbani anakohoa mlangoni kisha anatazama chini, kana kwamba kuna mtu wa kumpokea. Namwonea huruma. Tupeni huyo binti."

"Mtakuja darasani?"

"Nimekaa darasani kwako mwezi mzima, mwanamke!" Si Taoufik alisema.

"Ulikuja kama kifaa. Sasa utakuja kama mzazi. Ni tofauti."

Akakubali. Mloukhia aliitwa, akaja, akapita kisanduku cha baklawa bila kukigusa, akalala juu ya ncha ya jebba ya sikukuu. Khalti alikipokea kisanduku kwa mikono miwili, akatuambia anakwenda kutia maji ya chai, akakaa jikoni muda ambao chai haiuhitaji. Tulimwacha. Nilipoingia hatimaye nilimkuta amesimama dirishani, na neno alilosema lilikuwa moja, "Wote." Nikamjibu, "Wote, Khalti."

Sherehe ya kumuaga itaanza saa kumi Ijumaa na itakwisha kabla ya magharibi, kwa sababu mmoja wa wageni wa heshima ana kazi. Familia za watoto saba zimealikwa pamoja na watoto wenyewe, na kusema kweli wamealikwa pia wengine wengi waliolelewa sebuleni hapa tangu mwaka 1995, walio hai na wanaoweza kutembea. Mleteni mbwa aliyetolewa nje kwanza. Mnajua Khalti atawauliza.

Khalti Mongia, tunakushukuru kwa kila kiatu, kwa kila mgongo uliotupa tulipostahili, na kwa mchana ule ulipomwambia mzee wa watu kwamba umekosea na hukujificha. Umekaa miaka yako yote ukiwatafutia wengine mlango wa kuingia na mkeka wa kulala, na leo hakuna hata mmoja aliyebaki nje. Sasa nenda kwako. Lala hadi jua lipande, kunywa chai yako ikiwa bado ya moto, na Mungu aijaze nyumba yako watu wanaokupenda na wanaobisha hodi.